Kielelezo Namba Moja

Umeme umekatika Newala tangu alfajiri,
simu ya mdai imebakiza kijiti kimoja cha chaji,
na hakimu ananiambia: karani, nakili upesi,
neno kwa neno, usimsahihishie mtu.

Nanakili.
Simu ya kubonyeza. Namba tano imefutika,
betri imebanwa kwa mpira wa kufungia noti.
Mdai, Somoe Nampota wa Kitangari.
Mdaiwa, Hassani Mtepa, jirani yake wa mpaka.
Kinachogombaniwa: mikorosho arobaini na mitatu
iliyowekwa rehani kwa laki sita.

Ujumbe wa tarehe nne Machi nimeuandika hivi:
"dada ela nmetuma. navuna misimu 2 2 then shamba lako"

Hakimu anavua miwani.
Misimu ishirini na miwili?
Hapana, mheshimiwa, anasema Somoe. Miwili tu.
Ndiyo, mheshimiwa, anasema Mtepa. Ishirini na miwili,
kidole kiliteleza, pakaingia nafasi.

Benchi la nyuma wanaangua kicheko.
Mtu na kofia yake ya ushirika anahesabu kwa vidole
atakuwa na miaka mingapi.

Na wewe mama ulijibu nini?
Nasoma: "Sawa."
Ulikubali nini uliposema sawa?
Nilikuwa Ndanda, mheshimiwa, kwenye korido,
mwanangu wamemwingiza kupasuliwa.
Siku ile mtu angeniandikia jua linachomoza Masasi
ningemjibu sawa.

Hilo nalo naliandika. Mkono unauma.
Sheria, anasema hakimu, inataka kujua mwandishi anaandikaje.
Karani, tafuta meseji zake nyingine.

Nabonyeza kushuka.
"salfa mfuko 1 2 umebaki"
"njoo 2 kesho tupime"
Mtepa anatazama dari, anaikuna shingo.
Wengi huandika hivyo, anasema, haina maana ni mimi.
Nashuka tena, kidole kimeshapata mwendo,
nasoma kwa sauti kabla jicho halijaona jina:

"Nmefka Mtwara. usiwaze 2. mlango wa uani ucfunge narudi usiku"

Juu yake: Baba Likunda.
Mwaka: ule wa nyuma ya mwaka wa nyuma.
Kimya.
Hata yule wa kofia ameacha kuhesabu.

Simu hii, anasema Somoe, haibebi meseji nyingi.
Ikijaa inakataa, lazima ufute.
Nimefuta za bei ya mnada, nimefuta za pole,
na za wifi yangu zote nimefuta.
Nimeziacha za shamba, na hiyo.
Hiyo usiiandike.

Nimeshafika "usiwaze".
Namtazama hakimu, hakimu anatazama kalamu yangu.
Mtepa, sijui kwa nini, ndiye anayesema:
alikuwa rafiki yangu, mheshimiwa.
Halafu anakaa chini bila kuambiwa akae.

Simu ikalia mlio mmoja mfupi
ikazima.

Shauri limeahirishwa hadi Jumanne,
mdai aje na simu iliyojaa chaji.
Nje ukungu ulikuwa haujapanda wote kutoka bondeni.
Nilimwona akiiweka ile simu kwenye kitenge,
akafunga fundo, akaongeza fundo.

Katika jalada, baada ya neno "usiwaze",
kuna nafasi. Sikuikata kwa mstari.
Mkaguzi akiuliza nitasema kidole kiliteleza.

Usiku, nyumbani, kaka yangu wa Nachingwea ameniandikia:
kile kiwanja cha mzee nakijenga, au vipi?
Nikaandika Sawa.
Nikaiangalia muda mrefu, herufi nne,
nikazila moja moja kutoka nyuma.
Kisha nikaenda dukani kununua vocha
nimpigie, anisikie ninavyovuta pumzi
kabla ya kusema.